Hodi Zinazopotea Angani

Barua zilizonifikia mwezi huu zimetoka kwa mwalimu wa Pemba Mnazi, mkazi wa Tabata, mwanafunzi wa Kijitonyama na mwenye boti wa Msasani. Nazijibu pamoja kwa sababu karibu zote zinauliza jambo moja: kwa nini kuunganishwa na setilaiti kunachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

*

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari huku Pemba Mnazi, Kigamboni. Tulipewa msaada wa dishi la setilaiti na kompyuta 30. Nikipima kasi napata megabiti 18 kwa sekunde, lakini mwanafunzi akifungua ukurasa wa kawaida anasubiri sekunde nane, wakati mwingine kumi. Saa mbili asubuhi kipindi kinapoanza ndiyo balaa, nusu ya darasa haiingii kabisa. Na bando la mwezi linakwisha tarehe 20. Fundi aliyetufungia anasema tununue kifurushi kikubwa zaidi. Kamati ya shule inasubiri neno langu. Tukubali?

Marahaba Mwalimu. Waambie kamati wasitoe hela hiyo kwanza.

Kwenye picha uliyonitumia, dishi lenu linatazama karibu utosini na limefungwa palepale, halisogei. Hiyo ni setilaiti ya juu, inayokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta na kuzunguka sambamba na dunia. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna kifurushi cha kuyaongezea mwendo. Kupanda hadi kule na kushuka ni karibu robo sekunde. Ombi likienda na jibu likirudi ni karibu nusu sekunde. Ongeza shughuli za modemu na za kituo cha ardhini, unafika sekunde 0.6.

Wewe ni mtu wa Kigamboni, kwa hiyo fikiria pantoni. Kila ombi la kompyuta linavuka kwa pantoni, na jibu linangoja pantoni ya kurudi. Kifurushi kikubwa ni pantoni kubwa zaidi: itabeba magari mengi kwa mkupuo, lakini muda wa kuvuka ni uleule. Na huko angani hakuna Daraja la Nyerere la kupita pembeni.

Sasa hesabu unavuka mara ngapi kwa ukurasa mmoja. Kwanza kompyuta inauliza tovuti hiyo inakaa anwani gani, safari moja. Kisha inapiga hodi kwa seva na kusubiri karibu, safari ya pili. Kisha zinakubaliana funguo za usiri: kwa utaratibu wa zamani wa TLS 1.2 ni safari mbili, kwa TLS 1.3 uliotoka mwaka 2018 ni moja. Ndipo ombi lenyewe linakwenda. Kwa utaratibu wa zamani hizo ni safari tano, sekunde tatu kamili, na mwanafunzi hajaona hata herufi moja. Ukurasa ukianza kufunguka nao unaita picha kutoka seva nyingine, matangazo kutoka ya tatu, maandishi ya mapambo kutoka ya nne, na kila seva inataka hodi yake. Sekunde zako nane ziko hapo. Kipimo cha kasi hakizioni kwa sababu chenyewe hupiga hodi mara chache tu mwanzoni, halafu humimina data mfululizo.

Kuna kusubiri kwingine ambako mafundi wengi hawamwelezi mteja. Modemu yenu haina njia yake peke yake ya kurusha kwenda juu. Mnagawana na wateja wengine kwa zamu. Ikiwa imekaa kimya, inabidi kwanza iombe zamu, ombi lipande na kushuka, ipewe, ndipo irushe. Ile sekunde ya ziada kwenye bonyezo la kwanza la asubuhi inatokea hapo. Wala siuiti utaratibu huu mbaya. Miaka ya mwanzo ya 2000 nilifunga dishi la ofisi moja katikati ya jiji ambayo ilitaka masafa yake peke yake, usiku na mchana, ili isisubiri zamu. Walifanya kazi saa nane kwa siku tano na saa nne Jumamosi, jumla saa 44. Wiki ina saa 168. Walilipia njia ambayo karibu robo tatu ya muda haikupita kitu, wakati huohuo zahanati zilikuwa zinaniomba hata nafasi ndogo na nafasi haipo. Iliniuma, na bado inaniuma, maana kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi hapa Dar Julai 2009, masafa ya setilaiti ndiyo yalikuwa uhai wetu.

Kwa hiyo dai kitu cha katikati. Mwombe mtoa huduma nafasi ndogo ya kudumu ya kurusha kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, iachiliwe baada ya masomo. Mitambo mingi ya kituo cha ardhini ina uwezo huo. Muulize pia mnagawana njia hiyo na wateja wangapi. Kama wenzenu wengi ni shule, wote mnapiga hodi saa mbili kamili, na hodi zinagongana. Anzisha kompyuta kwa makundi ya nane nane, dakika mbili mbili. Kipindi hakitaharibika.

Halafu kuna VPN, programu inayofunga data yote kwa usiri kabla haijatoka kwenye kompyuta. Umeandika kwamba kila kompyuta imewekewa VPN kwa ajili ya usalama. Modemu za setilaiti ya juu zina ujanja mzuri sana: kompyuta ikituma pakiti, modemu inajibu hapohapo darasani "imefika", isisubiri pantoni, kisha yenyewe inashughulika na angani. Bila msaada huo, na kwa dirisha la zamani la kilobaiti 64 (yaani kiasi cha data kinachoweza kutumwa kabla ya kusubiri jibu la "imefika"), muunganisho mmoja hauwezi kuvuka takriban kilobiti 870 kwa sekunde hata ukinunua kifurushi cha taifa zima. Kompyuta za sasa hupanua dirisha lenyewe, lakini kwa kupanda polepole, safari baada ya safari. VPN inafunika kila kitu kwa usiri, modemu haioni cha kujibia, ujanja wote unakufa. Iondoe kwenye mashine za wanafunzi, ibakize kwenye ile inayotumiwa kutuma taarifa za shule tu.

Kuhusu bando la tarehe 20: wanafunzi hawana hatia. Sasisho moja la Windows la megabaiti 700 likishushwa na kila kompyuta ni gigabaiti 21, kwa kitu kilekile kilichovuka pantoni mara 30. Kwenye mipangilio ya Windows kuna sehemu ya kuruhusu kompyuta zigawane sasisho ndani ya mtandao wa shule. Iwashe, na panga sasisho zishuke usiku. Wikipedia ya Kiswahili nayo huna haja ya kuifuata angani kila siku. Programu ya Kiwix ni ya bure. Inaweka Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye kompyuta moja, na darasa zima linaisoma kwa waya au Wi-Fi ya shule bila kugusa dishi. Ruta yako pia ikumbuke anwani za tovuti ilizokwisha kuuliza, ile safari ya kwanza ipungue.

Vivinjari visasishwe vipate TLS 1.3. Utasikia pia habari za QUIC, utaratibu unaounganisha hodi na funguo katika safari moja. Ni mzuri, lakini kwa dishi lenu una kasoro: nao modemu haiwezi kuusaidia, kwa hiyo kurasa ndogo zitawahi na mafaili makubwa yanaweza kuchelewa. Pima kwa saa ya mkononi, ukiwa umeuwasha na ukiwa umeuzima, kisha uamue mwenyewe.

Fanya haya kwa wiki mbili, niandikie. Kama bado mnahema, ndipo tuzungumze habari ya kifurushi, au ya kuhamia setilaiti za chini, zinazozunguka karibu zaidi na dunia, ikiwa mtoa huduma ana leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini.

*

Mama Fundi, mvua ikinyesha huku Tabata dishi langu linakufa. Nibadilishe dishi? Msomaji wa Tabata

Likifa mvua ikiwa kubwa na kurudi ikipungua, ni kawaida ya masafa ya juu ya setilaiti yanayoitwa Ku na Ka. Matone yanameza mawimbi. Modemu nzuri hupunguza kasi yenyewe ili isikatike. Lakini likiendelea kufa saa nzima baada ya mvua kukoma, maji yameingia kwenye kiungo cha waya nyuma ya kichwa cha dishi. Kausha, badilisha kiungo, funga kwa mpira wa kuzuia maji. Usiliguse dishi lenyewe. Ukilisogeza kidogo tu utatafuta setilaiti siku nzima.

*

Shikamoo mama. Nasoma uhandisi wa mawasiliano Kijitonyama. Mradi wangu ni simu kuunganishwa moja kwa moja na setilaiti. Nasoma kila mahali kwamba shida kubwa ni ile hatua ya kwanza ya simu kujitambulisha. Lakini setilaiti za chini ziko kilomita 550 tu! Mawimbi yanafika kwa milisekunde mbili. Shida iko wapi?

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri. Kwa setilaiti za chini, usiangalie sana umbali, angalia mwendo, na jinsi umbali unavyotofautiana kati ya simu na simu.

Setilaiti ya kilomita 550 inakimbia karibu kilomita 7.6 kwa sekunde. Ingekuwa gari, ingetoka Posta ikafika Morogoro chini ya nusu dakika. Mwale wake mmoja unaweza kufunika simu iliyoko Bagamoyo na nyingine iliyoko Rufiji. Kwenye mnara wa kawaida pale Ubungo, simu zote ziko karibu na hodi zao zinafika kwa kupishana kidogo, mnara unazisahihisha. Kwa setilaiti kupishana ni kukubwa mno, na kwa sababu inakimbia, hata masafa yenyewe yanasogea: kwa gigahezi 2 yanahama makumi ya kilohezi. Hodi inafika nje ya wakati wake na nje ya masafa yake. Mpokeaji haisikii, simu inarudia kwa nguvu zaidi, inawasumbua wenzake, betri inakwisha.

Dawa iliyowekwa katika Toleo la 17 la viwango vya 3GPP, umoja wa kimataifa unaoandika viwango vya mitandao ya simu, mwaka 2022, ni kwamba simu ijue kwanza iko wapi kwa GPS, setilaiti itangaze yenyewe inapita wapi, na simu ipige hesabu ya kuwahi na kurekebisha masafa kabla ya kufungua mdomo. Ndiyo maana simu hizo zinadai GPS.

Sasa njoo kwenye hodi yenyewe, maana ukurasa wa tatu wa andiko la mradi ulilonitumia umeipita haraka na mradi wako uko hapo. Hodi ya kawaida ina hatua nne. Simu inachagua mlio mmoja kati ya 64 na kuupiga. Mtandao unajibu, "nimesikia mlio namba fulani, zungumza kwenye nafasi hii." Simu inajitaja. Mtandao unathibitisha. Simu mbili zikichagua mlio uleule, zote zinadhani zimekaribishwa, zote zinazungumza kwenye nafasi moja, na zinagundua mgongano mwishoni kabisa. Safari mbili zimepotea, na nafasi iliyotengwa imeungua bila faida. Toleo la 16 lilileta hodi ya hatua mbili: mlio na maneno vinakwenda pamoja, jibu na uthibitisho vinarudi pamoja. Muda unapungua. Lakini ili maneno yaje na mlio, mtandao lazima utenge nafasi za maneno mapema, hata kwa wasiokuja. Saa ya watu wachache unapoteza masafa. Saa ya watu wengi migongano ni mikubwa zaidi kuliko ya hatua nne.

Ningekuwa msimamizi wako ningekukataza kuleta grafu ya ucheleweshaji peke yake. Pima vitu viwili bega kwa bega: simu imechukua muda gani kuunganishwa, na nafasi ngapi zilitengwa zikakaa tupu au zikagongana. Yeyote anaweza kupunguza kusubiri kwa kutenga milango mingi ya hodi. Anachokipunguza ni nafasi ya mazungumzo. Kazi ya maana ni kuufanya mtandao ukadirie umati unaokuja na kubadilisha idadi ya milango na aina ya hodi kadiri umati unavyobadilika. Na umati wa setilaiti ya chini unatabirika kuliko wa mnara, kwa sababu njia yake inajulikana. Inakaa juu yako dakika chache tu, kisha kundi zima la simu linahamia setilaiti inayofuata. Zote zikipiga hodi mpya kwa pamoja ni fujo. Toleo la 17 linaruhusu simu kuambiwa mapema ihame saa gani au ikifika wapi, na Toleo la 18 likaruhusu kuhama bila kupiga hodi upya. Tumia hayo.

Nakuongezea kimoja ukipata muda. Kila pakiti ya 5G husubiri jibu la "imefika" kabla nafasi yake ya kumbukumbu kutumika tena, na nafasi hizo zilikuwa 16. Kila pakiti ikichukua milisekunde moja kupitia setilaiti ya juu, simu inarusha kwa milisekunde 16 kisha inakaa kimya karibu 500 ikisubiri jibu. Njia inatumika asilimia 3 tu! Ndiyo maana zikaongezwa hadi 32 na ikaruhusiwa kuzima kabisa kusubiri majibu hayo. Nilipoipiga hesabu hiyo kwa mara ya kwanza kwenye karatasi nilirudia mara mbili, nikidhani nimekosea.

*

Salaam aleykum dada fundi. Nina boti 11 hapa Msasani, zinakwenda maji makuu mpaka kuelekea kisiwa cha Latham. Nimezifunga vifaa vya kuripoti kwa setilaiti, kila saa kamili kifaa kinatuma boti iko wapi. Ripoti nyingi hazifiki, kuna boti nilikaa saa tano bila kujua ilipo, familia zao wamejaa uani kwangu. Na betri walizoniambia za miezi sita zinaisha kwa wiki saba. Nimeuziwa vibovu?

Wa aleykum salaam kaka. Pole kwa saa hizo tano. Sidhani ni vibovu. Nadhani vimepangwa vibaya, na jibu liko kwenye barua yako mwenyewe: kila saa kamili.

Vifaa vidogo namna hii haviombi zamu, kwa sababu kuomba zamu kungekula betri kuliko ripoti yenyewe. Vinapiga tu. Utaratibu huo una asili yake Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1971, ambako Norman Abramson na wenzake waliunganisha visiwa kwa redio wakauita ALOHA, salamu ya kule. Kila mmoja anapiga anapotaka. Asipojibiwa, anangoja kidogo na kupiga tena. Kwa hesabu, utaratibu huo ukijaa hupitisha asilimia 18 tu ya uwezo wa njia, kwa sababu ya migongano. Ukiwalazimisha wote waanzie mwanzo wa nafasi iliyopimwa, inapanda hadi asilimia 37. Mitambo mipya, ambayo kila ujumbe hutumwa mara mbili na kituo kinachambua mgongano mmoja kwa kutumia nakala iliyosalimika, imevuka nusu.

Hesabu zote hizo zinachukulia kwamba watu wanapiga ovyo, kila mmoja kwa wakati wake. Zako hazipigi ovyo. Zote 11 zinapiga sekunde ileile, na setilaiti iliyo juu yenu haiwasikii ninyi tu; inasikia pwani yote na vyombo vya wengine, ambao nao fundi wao amechagua saa kamili kwa sababu inapendeza kwenye ripoti. Zikigongana, kila kifaa kinarudia baada ya sekunde 30 kamili, nilivyoona kwenye karatasi ya mipangilio uliyonitumia, kwa hiyo zinagongana tena, na tena. Kila kurudia kunakula betri. Miezi sita yako imeishia hapo.

Mwite fundi wenu afanye hivi. Boti ya kwanza itume dakika ya 3, ya pili dakika ya 8, ya tatu dakika ya 13, hivyohivyo mpaka ya mwisho, na kila kifaa kiongeze sekunde za bahati nasibu kati ya 0 na 40. Kurudia kusiwe baada ya sekunde 30 kamili; kuwe wakati wowote kati ya sekunde 20 na dakika tatu, na baada ya mara tatu kiache mpaka saa inayofuata, ila ripoti ijayo ibebe na mahali pa saa iliyopita. Ujumbe utakuwa mrefu kidogo, lakini hata ukikosa mmoja hutapoteza njia ya boti. Boti iliyotia nanga haina haja ya kuripoti kila saa. Kila saa nne inatosha, mradi ikisogea zaidi ya kilomita mbili irudi kwenye ratiba yake.

Kitufe cha dharura usikipangie zamu yoyote. Kikibonyezwa kipige hapohapo, na kiendelee kupiga kwa vipindi vya bahati nasibu mpaka kijibiwe, hata betri yote iishe. Hakikisha kinapojibiwa taa inawaka, nahodha ajue amesikika. Mjulishe mtoa huduma siku mbili kabla, kisha kijaribu boti zote 11 zikiwa ufukweni, moja moja, na saa mkononi. Andika kila moja imechukua sekunde ngapi. Ile itakayozidi dakika tano usiiache itoke mpaka irekebishwe.